Asumini ya Bi Swafia na Njia ya Mvua

Alasiri katika Mji wa Kale hutembea polepole. Jua likiinama, kivuli hushuka ukutani, kikalala njiani pamoja na paka. Saa hiyo ndiyo saa ya kuchuma asumini.

Bi Swafia hakuhitaji kutazama saa. Alijinyoosha uani kwenye kitanda cha kamba, jicho moja wazi, jicho moja ndotoni. Harufu ilimjia taratibu. Ilimgusa pua, ikamwamsha kama mtoto anayetaka uji. Hapo alichukua kikapu, akaenda kwenye mwasumini wake. Alichuma matumba meupe kabla hayajafunguka. Kisha aliyafunga pamoja na majani ya rihani, akatengeneza vikuba. Maharusi wa Bondeni mpaka Ganjoni walivaa vikuba vya Bi Swafia. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo iliyomlisha.

Mwasumini huo aliupanda mamake. Ulisimama kando ya kisima cha zamani, nao ulikunywa maji ya kisima hicho tu. Watu wa nyumba hiyo walikogea maji ya kisima na kufulia. Ya kunywa waliyanunua.

Mwaka huo mwasumini uliugua. Majani yalianza kukauka pembeni, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Matumba yalidondoka kabla ya kuchumwa. Bibi harusi mmoja alikuja kuagiza vikuba. Bi Swafia akamwambia, "Mwanangu, nenda kwengine. Mie sina kitu." 

"Ukifa mti huu," alimwambia mwanawe, "na mie nishonee sanda mapema."

"Mama! Mti tu huo," alisema Shukri.

"Na wewe ni mtoto tu. Mbona nakulisha?"

Shukri alikuwa mwendesha tuk-tuk, mwenye mikono myepesi na haraka nyingi. Mwaka uliopita palikuwa na harusi ya mpwawe hapo nyumbani. Shukri aliupiga ua wote simiti, wageni wasikanyage tope. Aliuachia mwasumini kijishimo kidogo, upana wa sinia. Kisha akaweka pampu ya umeme kisimani, mama asichoke kuvuta ndoo. Pampu ilinguruma asubuhi mpaka jioni, ikijaza tangi la juu. Bi Swafia aliisifu. Ilimwachia muda wa kulala.

Simiti na pampu hakuna aliyezishuku. Basi mti uliugua nini? Bi Swafia alijua, au alidhani anajua. Lilikuwa jicho.

Ng'ambo ya ukuta alikaa Bi Hajra, muuza achari. Babu zake walikuja kutoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa mtaa huohuo na Bi Swafia. Walicheza pamoja na kupigana pamoja. Siku moja Bi Hajra alichungulia uani, akasema, "Lo, shoga! Asumini zako zimejaa mpaka zatisha!" Akaenda zake bila kutaja jina la Mungu. Haukupita muda, majani yakaanza kukauka.

"Amenipiga jicho," alisema Bi Swafia. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Dawa ya jicho aliijua tangu utotoni: ubani na chumvi ya mawe. Kila Ijumaa alifukiza ubani ukutani. Kisha alimwaga chumvi pale shinani, konzi kwa konzi, akisoma dua zake. Mti ulizidi kudhoofika. "Jicho hili ni kali," alisema, akaongeza chumvi.

Katika orofa ya juu alipanga msichana aitwaye Sidi, mzaliwa wa Kaloleni. Sidi alifanya kazi katika mradi wa maji mjini. Alizunguka vichochoroni na simu, akitazama mitaro na visima. Bi Swafia alidhani amelipwa kupiga picha za paka.

Siku moja Sidi alishuka na taulo shingoni.

"Masalkheri, mama. Sabuni yangu haitoi povu siku hizi. Kisima kimeingia chumvi."

"Masalkheri, mwanangu. Si chumvi hiyo. Ni jicho."

"Jicho la nani?"

Bi Swafia hakutaja jina. Aliuelekeza mdomo kwenye ukuta wa jirani, ukabaki hapo.

Sidi alipanda juu, akarudi na kipimo kama kalamu nene. Alikitia katika ndoo ya maji. Kikaonyesha namba.

"Chumvi ipo, tena nyingi. Hebu tupime na udongo."

Alichota udongo wa shinani, akaukoroga na maji safi katika kikombe. Akatia kipimo. Namba ikaruka juu. Sidi akakunja uso.

"Ajabu. Udongo una chumvi kuliko hata kisima. Imetoka wapi hii?"

Bi Swafia alitazama mbinguni. "Kunguru wamekuwa wengi mwaka huu," alisema.

"Mama?"

"Tena wana kelele."

"Mama, umetia chumvi hapa?"

"Kidogo. Ya jicho."

"Kidogo kama nini?"

"Kama konzi."

"Konzi moja?"

"Ijumaa moja, konzi moja. Basi Ijumaa nazo si zarudi?"

Sidi alicheka mpaka akakaa chini kwenye simiti. "Mama, hata kama Bi Hajra ana jicho, halina ukali wa mkono wako!"

Bi Swafia alitaka kukasirika. Kicheko kikamponyoka kabla ya hasira. Kisha akautazama mti. Akashika jani lililokauka.

"Nimeuua mti wa mama?"

"Bado u hai. Lakini acha chumvi leo. Udongo huu wa juu tutautoa, tutie mwengine. Ila kisima nacho kina chumvi yake, na hiyo hukuitia wewe. Nikueleze?"

"Nieleze polepole. Mie shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha."

Sidi akakaa kitandani kando yake.

"Chini ya kisiwa hiki kuna maji ya bahari, yameingia ndani ya mawe. Mvua ikinyesha, maji yake huzama ardhini. Maji ya mvua ni mepesi, kwa hivyo hukaa juu ya yale ya chumvi. Umeona mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi?"

"Naona kila siku. Shukri hupenda mafuta."

"Ukiteka mafuta kwa upawa, taratibu, wapata mafuta matupu. Ukiuzamisha upawa kwa nguvu je?"

"Wapata mchuzi."

"Ndiyo pampu hiyo. Yavuta kwa nguvu, tena kutwa. Maji matamu yakipungua, ya chumvi hupanda. Na hayo matamu hayarudi, kwa sababu ua mmeuziba. Mvua yagonga simiti, yakimbilia mtaroni, yaenda baharini."

Bi Swafia aliitazama simiti. Ilikuwa nyororo na safi. Aliiosha mwenyewe kila asubuhi. Leo aliiona kama mfuniko wa sufuria.

Sidi akafungua simu yake. "Hii ni ramani ya mtandaoni. Yeyote mwenye simu yenye mtandao aweza kuifungua. Tazama. Ni kwako hapa."

Bi Swafia aliinama. Aliiona nyumba yake kwa juu, kama aionavyo kunguru. Aliyaona mapaa ya mabati na ya vigae, yamebanana kama watu msikitini. Vichochoro vilikuwa nyuzi nyembamba. Pale palikuwa na doa jeusi, kisima chake. Alijihisi mwepesi. Kitanda kilikuwa kama kinaelea, naye yuko juu ya mji wake, kanga yake yapepea.

"Usiniangushe," Bi Swafia alimnong'oneza Sidi.

"Shika hapa. Bonyeza paa lolote."

Alibonyeza. Tone la buluu likatokea. Likateremka paani, likaingia kichochoroni, likapinda, likaenda, likaenda. Mwisho likafika baharini, likapotea.

"Limekwenda wapi?"

"Ndiyo njia ya mvua. Ramani yajua wapi pameinuka na wapi pameinama. Sasa bonyeza hapa."

Ramani ilibadilika. Nyumba chache zilizungushiwa mstari mmoja. Ya Bi Swafia ilikuwamo. Ya Bi Hajra pia.

"Nyumba hizi mvua yake yateremkia upande mmoja. Wataalamu huita bonde la maji. Mashambani bonde laonekana kwa macho. Mjini kuta zatuficha, lakini lipo. Watu wa bonde moja ni jamaa wa maji. Mmoja akikosea, wote huonja."

"Jamaa! Mie na yule?"

"Ramani haijui kama mmegombana, mama."

Penye simiti na mawe palikuwa pekundu: maji hayazami. Penye udongo palikuwa pa kijani. Bonde lao lote lilikuwa jekundu, isipokuwa mraba mdogo wa kijani.

"Pale ni wapi?" aliuliza Bi Swafia, ingawa alikwisha kupajua.

"Uani kwa Bi Hajra."

Shukri aliingia, funguo za tuk-tuk zikilia mkononi. Alisikiliza nusu ya maneno, akavua shati.

"Kumbe twahitaji shimo la kuzamisha mvua! Nalichimba sasa hivi. Pale pembeni."

"Ngoja, kaka Shukri," alisema Sidi. "Kwanza uliza ramani." Aligusa pembe ile. Duara la njano likawaka karibu yake. "Hili ni shimo la choo. Ukizamisha maji hapa yataosha choo, yaingie kisimani. Utatibu chumvi, ulete maradhi. Shimo la mvua huwa mbali na choo."

Shukri akavaa shati lake.

"Basi wapi?" aliuliza mamake.

"Pahali pazuri ni upande wa juu wa visima. Kwa Bi Hajra pameinuka, tena pana udongo. Mvua ikizama pale, yashuka chini kwa chini. Yapita kisima chake, kisha yaja kwako."

Bi Swafia akajifunga kanga kwa nguvu. "Niende nikampigie magoti yule? Afadhali mti ukauke."

 Tumba moja lilidondoka kwenye simiti. Halikutoa sauti, lakini Bi Swafia alilisikia.

Kesho yake mchana alilala, na usingizi ukamchukua mbali. Aliota yeye ni tone la mvua. Alitua juu ya mapaa, mdogo, wa baridi, mwenye furaha. Alishuka kutafuta mahali pa kulala. Aligonga ua wa kwanza. Simiti ikamwambia, "Hapana nafasi." Akagonga wa pili. "Hapana nafasi." Akagonga kwake mwenyewe, akapiga kelele, "Nifungulie, mie ndiye mwenye nyumba!" Simiti ya Shukri ikamjibu kwa adabu, "Tumejaa, bibi." Kila mlango ulimsukuma chini, na bahari ilikuwa ikimngoja na mdomo wake mpana. Kisha aliona udongo mweusi, laini kama kifua cha mama. Akajitupa hapo. Ulimpokea bila kuuliza jina.

Aliamka jasho likimtoka. Aliujua udongo ule. Alichezea pale utotoni.

Alimwita Sidi. "Nionyeshe tena ramani yako. Ila ina uongo mmoja."

"Upi?"

"Yasema mvua ya kichochoro hiki yaenda moja kwa moja mpaka chini. Si kweli. Tangu njia itengenezwe, hapa nje pameinuliwa kupita hata kizingiti cha jirani. Maji yarudi yakenda kwa..." Alionyesha kwa mdomo.

Sidi hakubisha. "Ramani hutengenezwa na watu, na watu wakijua zaidi huirekebisha. Tujaribu."

Walitoka na ndoo ya maji. Bi Swafia akayamwaga njiani taratibu. Maji yalisita, yakageuka, yakaanza kutambaa. Bi Swafia aliyafuata ameinama, kanga imemteleza, mikono mgongoni. Wapita njia walisimama.

"Bi Swafia, umepoteza sindano?"

"Nafuata maji. Nawe fuata shughuli zako."

Maji yalipinda mara ya pili. Yakaenda mpaka kwenye kizingiti, yakaingia chini ya mlango uliochongwa maua. Mlango ukafunguliwa. Bi Hajra alisimama pale, ufagio mkononi.

"Haya! Ubani haukutosha, sasa wanimwagia maji ya ulozi mlangoni!"

"Ulozi gani, mwanamke wee? Maji ya kisima haya!"

"Mie nakuona tangu zamani! Kila Ijumaa wafukiza ukutani, wamwaga vitu, wasema peke yako. Wanihamishia jini wako! Na tangu hapo kisima changu kimegeuka chumvi. Hata nguo hazitakati!"

Bi Swafia akasogea kizingitini. "Kisima chako nacho?"

"Nini cha ajabu? Si umekifanya wewe?"

"Na mie nadhani umeupiga jicho mwasumini wangu!"

"Mie? Mwasumini wa mamako, aliyekuwa akinipamba nywele?" Sauti ya Bi Hajra ilishuka. "Waugua?"

"Wafa, Hajra."

Ufagio ulishuka pia. Wanawake wawili walitazama maji yale madogo yakiendelea kuingia ndani, bila haya, kama mgeni aliyezoea nyumba.

"Ingieni," alisema Bi Hajra. "Mtaloa miguu."

Walikaa uani kwake, juu ya udongo ule. Sidi alifungua ramani tena. Bi Swafia ndiye aliyeeleza. Alieleza mafuta na mchuzi, akaeleza bonde, akabonyeza paa na kulifukuza tone kwa kidole. Alipofika kwenye konzi za chumvi alipunguza sauti, lakini alizitaja. Bi Hajra alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Umeitia chumvi asumini! Ungeniletea mie niitie kwenye achari!"

"Ningekuletea wapi, na ulikuwa adui?"

"Nilitaka kuupiga simiti ua huu mwezi ujao," alisema Bi Hajra, akifuta miwani. "Fundi nimekwisha kumwambia."

"Basi hapo bonde lote lingezibika," alisema Sidi. "Tazama." Aligusa ule mraba wa kijani, ukageuka mwekundu. "Ramani yaweza kukuonyesha jambo kabla hujalifanya. Simiti ikiwekwa, karibu mvua yote yenu itakwenda baharini." Akaurudisha kijani. "Na mkichimba shimo, mkaleta maji ya mapaa yenu mawili, kiasi kikubwa kitazama. Mtaamua nyinyi. Ramani haiamui."

Bi Hajra alimtazama Bi Swafia. "Wataka ua wangu?"

"Nauomba."

Neno hilo lilikuwa zito mdomoni mwa Bi Swafia, lakini lilitoka.

"Chimbeni," alisema Bi Hajra. "Ila Shukri asilete kelele wakati wa usingizi wangu."

Wakaanza kazi. Shukri alichimba shimo, mbali na vyoo na mbali na kuta, nyumba zisije zikalegea. Alilijaza mawe chini, kisha kokoto, kisha mchanga juu ili uyachuje maji. Aliunga mabomba kutoka mapaa mawili. Alitengeneza njia ya kumwaga nje mvua ya mwanzo, kwa sababu mapaa yalikuwa na uchafu wa kunguru. Kule kwa mamake alivunja simiti yote iliyozunguka mwasumini. Udongo wa chumvi ulitolewa, ukatiwa mpya wenye samadi. Pampu iliwashwa asubuhi tu, kwa muda mfupi. Mti ulinyweshwa kwa kikombe, maji safi ya kununua, mpaka mvua ije. Bi Swafia alilalamika kwamba mti wanywa vizuri kuliko yeye, lakini hakuacha kuunywesha.

Sidi naye aliirekebisha ramani. Kichochoro kikaonyeshwa kama kilivyo, kinarudi mlangoni kwa Bi Hajra. Visima viwili vikatiwa, na kiwango cha chumvi cha kila kimoja.

Masika yalipoingia, Bi Swafia alikaa barazani akasikiliza. Mvua ilitembea juu ya mabati, ikashuka mabombani, ikaenda kwa Bi Hajra. Haikukimbia tena. Ilizama. Alifumba macho, akaifuata chini kwa chini, katika giza la mawe, ikienda polepole kama watu watokao msikitini, ikikipita kisima kimoja, ikikijia kingine. Hakujua kama amelala au yuko macho.

Mvua moja haikutosha. Namba ya kipimo ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena. Lakini masika yalipokwisha, sabuni ya Sidi ilitoa povu. Bi Hajra akafua mashuka yake yote, akayaanika kama bendera. "Kwa kunywa bado," Sidi aliwaonya. "Chumvi imepungua, vijidudu hatujavipima."

Kisha mwasumini ukachipua. Kwanza jani moja la kijani laini, kisha mengi. Halafu siku moja alasiri harufu ikamfikia Bi Swafia usingizini, ikamgusa pua. Hakuamini. Alinyanyuka bila viatu. Matumba yalikuwa pale, meupe, yamefungana, yanamngoja. Alichuma machache, akayafunga kikuba, akaenda ng'ambo ya ukuta, akambandika Bi Hajra nyweleni.

Haikwisha hapo. Sidi alimwonyesha kwamba juu kidogo, ndani ya bonde lilelile, palikuwa na mraba mwengine umechorwa. Ramani ya zamani iliuonyesha mwekundu, lakini sasa nyumba ya hapo ilikuwa ikitengenezwa upya. Simiti ya zamani imevunjwa, udongo uko wazi.

"Watapiga simiti mpya," alisema Sidi. "Nadhani leo."

Bi Swafia hakungoja kumaliza chai. Alichukua simu ya Shukri na kikapu chenye vikuba viwili. Bi Hajra akajitia mtandio, akamfuata na chupa ya achari. Walipofika, mafundi walikuwa wamekwisha kukoroga simiti. Mwenye nyumba, kijana wa Kihindi aitwaye Arsalan, aliwapokea kwa heshima.

"Asalam aleikum, shangazi zangu. Karibuni. Kuna jambo?"

"Aleikum salaam. Tumekuja kukuonyesha mvua yako yaenda wapi," alisema Bi Swafia.

Arsalan alitazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, haina hata wingu. "Lakini shangazi, mvua yenyewe haipo."

"Ndiyo maana tumewahi. Ikija itakuwa na haraka, haitakusikiliza." Akamsogezea simu. "Bonyeza paa lako."

Kijana alibonyeza. Tone la buluu likatokea paani kwake, likaanza safari. Fundi mmoja aliyekuwa na mwiko uliojaa simiti alisita. Akauweka chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaja kuchungulia naye.